Baiskeli Thelathini na Moja Nyuma ya Utepe

Nchi ya Heko ina bahati ambayo majirani zake wote wanaililia: haipungukiwi na kitu chochote. Jambo hili lilitangazwa redioni mwaka ule wa mafuriko, wakati wa taarifa ya habari, na tangu siku hiyo mtu akisema amekosa kitu huulizwa kwa upole ana ugomvi gani na redio. Chumvi ikiadimika, mwenye duka hasemi imekwisha. Anasema, "Ipo, ila haijafika hapa." Nawe unashukuru, unarudi nyumbani kula mchicha wako hivyo hivyo.

Katika nchi hiyo kuna mji unaitwa Ukingoni, na katika mji huo aliishi Bi Sikudhani, mkunga mstaafu mwenye miaka sitini na minne. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwenye karatasi tu. Kila asubuhi alipanda baiskeli ile ile aliyozungukia vijijini ujana wake wote, akaenda wodi ya watoto kuwashikia akina mama watoto wao ili nao wapate kuoga na kunywa chai ikiwa bado ya moto. Nusu ya watu wa Ukingoni walipokewa duniani na mikono yake. Ndiyo maana alimwita kila mtu mwanangu, mkuu wa polisi akiwa mmoja wao, na mkuu wa polisi aliitika.

Wodini alikuwemo mama mmoja, Tunu, na binti yake aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba nepi moja ilimzunguka mara mbili. Kifua chake kilikuwa hakijajifunza kazi. Tunu hakuwa amempa jina. Alisema atampa siku atakayovuta pumzi mwenyewe kutwa nzima bila kusaidiwa. Msaada wenyewe ulikuwa mtungi mmoja wa oksijeni ulioazimwa kwa masista wenye hospitali ng'ambo ya mto. Ukiisha, kondakta wa basi la asubuhi aliupeleka kujazwa, akiufunga kwa kanga ya mkewe usigongwegongwe njiani, na hakuwahi kutaja habari ya nauli. Lakini masista walikwisha kusema, kwa huzuni, kwamba wanaweza kuuazima mpaka mwisho wa mwezi tu, maana na wao wana watoto.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na nane.

Kwenye mafaili ya serikali hapakuwa na tatizo. Wodi ya Ukingoni ilikuwa na mashine yake mpya, nyeupe, isiyohitaji mtungi, inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa hii hii tunayoivuta bure. Ilizinduliwa na Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi mwenyewe. Wakati wa kuishusha kwenye lori gurudumu lake moja lilivunjika, na fundi baiskeli wa mjini, Ndimbo, akaitwa mbio. Akachomoa gurudumu la buluu kwenye baiskeli ya kuchezea ya binti yake, akalifunga kwenye mashine, ikasimama sawasawa. Wasichana wawili wa Wizara wakaunyoosha utepe, Mheshimiwa akaukata, kisha akahutubia kwa dakika arobaini juu ya thamani ya pumzi.

Katika dakika zile arobaini Bi Sikudhani alichomeka waya ukutani, akamvalisha binti wa Tunu mpira wa puani, akakaa anamtazama. Midomo ya mtoto ilitoka kwenye rangi ya majivu ikaja kwenye rangi ya mtoto. Akalala usingizi wa kweli, ule wa ngumi kufunguka. Tunu alikuwa amesimama pale pale.

Hotuba ilipokwisha, msaidizi mmoja aliingia, akaomba radhi kwa adabu nzuri kabisa, akachomoa waya. Mashine ikafunikwa blanketi, ikapandishwa lori, ikaenda.

Bi Sikudhani alikwenda kuuliza. Kila wilaya ya Heko ina Afisa Shughuli, na wa Ukingoni aliitwa Bwana Lukindo, mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Bwana Lukindo hakukasirika. Alifungua kitabu cha Sheria ya Shughuli na kumsomea kifungu cha tisa: kitu chochote kilicho nyuma ya utepe, utepe ukikatwa, kimekabidhiwa kwa walioushika.

"Walioushika ni wasichana wa Wizara," alisema. "Kwa hiyo mashine imekabidhiwa kwa Wizara."

"Na sisi tumekabidhiwa nini, mwanangu?"

"Nyinyi mmezinduliwa, mama."

Bi Sikudhani alimshukuru, maana alikuwa mama wa adabu. Akamwomba amsomee tena kile kifungu, polepole. Akamsomea.

*

Sasa, Ukingoni ina timu ya mpira inayoitwa Jitihada. Mwaka huo, kwa njia ambayo wataalamu wa soka bado wanaichunguza, Jitihada ilifika robo fainali ya kombe la taifa, na ikapangiwa kucheza ugenini na Fahari, timu ya mji mkuu, Shangilia. Ni kilomita mia tatu na kumi. Mabasi yote ya wiki hiyo yalikuwa yamechukuliwa na maofisa waliokwenda kuhakikisha kwamba usafiri upo. Ndimbo, ambaye mbali na ufundi alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki, aliitisha mkutano mbele ya kibanda chake na kutangaza kwamba watakwenda kwa baiskeli.

Ndimbo hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema watu wa Fahari wamezoea kushangilia wakiwa wameketi, kama wako msibani, na ni wajibu wa Ukingoni kwenda kuwafundisha. Alisema atakayepata pancha atazibiwa, na atakayepata woga abaki kulea kuku.

Bi Sikudhani alingoja amalize. Kisha akasema kwamba kama wanakwenda, waende na kikapu. Wapite miji yote iliyoko njiani, wafike uwanjani kwenye watu wengi, waombe mchango wa mashine ya wodi. Na yeye atakwenda nao.

"Mama Nesi, ni kilomita mia tatu," alisema Ndimbo.

"Na kumi. Ulipozaliwa wewe nilikwenda arobaini usiku wa mvua, na ulikuja umekaa vibaya. Usinifundishe barabara."

Watu walicheka mpaka Ndimbo naye akacheka. Wakajiandikisha thelathini na moja: wauza mkaa, walimu wawili, mama muuza maandazi, na seremala mmoja mwenye mguu mbovu ambaye alisema kwenye baiskeli mguu huo haujulikani.

Kibali kilichukua siku tisa. Bwana Lukindo alieleza kwa uvumilivu kwamba watu hawawezi kuchangia kitu kisichopungua, na kwamba mashine haipungui kwa sababu imezinduliwa. Alikuwa tayari kuwasaidia, hata hivyo. Alifuta "Safari ya Kuchangia Wodi ya Watoto" na badala yake akaandika "Safari ya Kushukuru kwa Kutopungukiwa". Kikapu akakiandika "chombo cha kupokelea shukrani". Alitaka pia picha ya kila mshiriki akiwa amekwisha kufika Shangilia, ili Wizara ijiridhishe kwamba atafika, lakini walimu wawili walikaa naye mchana kutwa wakimbembeleza, akalegeza.

Jambo moja tu hakulegeza. Katika Heko hakuna shughuli bila mgeni rasmi. Kifungu cha saba kinasema shughuli haitaanza mpaka mgeni rasmi akate utepe, na mtu yeyote hatauvuka utepe ambao haujakatwa. Watu wa Heko wanaliheshimu hili kuliko taa za barabarani. Harusi zimengoja. Maziko yamengoja. Mgeni rasmi wa safari ya Ukingoni angekuwa Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi mwenyewe, Jumatano, saa moja asubuhi.

*

Saa moja ilifika, ikawakuta wamepanga baiskeli zao nyuma ya utepe mwekundu uliofungwa kutoka mwarobaini wa posta mpaka nguzo ya umeme. Jezi za kijani za Jitihada zilikuwa zimepigwa pasi. Polisi walikuwa wamemleta Koplo Masatu, kijana mpole mwenye amri iliyoandikwa: asiuache utepe mpaka ukatwe.

Saa mbili zikapita. Saa tatu, taarifa ikaja kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Saa nne, kwamba bado yuko njiani, ila njia yenyewe ni nyingine. Mama muuza maandazi akaanza kugawa yale aliyoyafunga kwa safari. Koplo Masatu alipewa mawili akajaribu kukataa, akashindwa.

Kufika saa sita ilikuwa wazi kwa kila aliyejua kupiga hesabu za barabara: wasipoondoka mchana huo hawataikuta mechi, na wasipoikuta mechi hawatawakuta watu, na kikapu kitarudi kitupu. Bi Sikudhani alikuwa amepita wodini alfajiri. Siku za mtungi zilibaki tisa.

Akamwendea Koplo.

"Mwanangu, nikiuvuka utepe huu nimefanya kosa?"

"Kosa kubwa, bibi."

"Na nikiupita chini yake?"

"Huko ni kuuvuka kwa chini."

"Na nikiushika, utepe ukatangulia mbele yangu, mimi nikaufuata nyuma. Nimeuvuka?"

Koplo Masatu alifikiri. Alitoa kitabu kidogo cha sheria mfukoni, akasoma kifungu cha saba kwa kidole. Akasoma tena. Watu thelathini na mmoja walinyoosha shingo.

"Hapo hujauvuka," alisema.

Bi Sikudhani akaufungua utepe kwenye mwarobaini, akajizungushia ncha yake mkononi. Ndimbo akaufungua kwenye nguzo. Wakapanda baiskeli zao, utepe umenyooka katikati yao, mbele ya magurudumu, mzima, haujaguswa na mkasi. Wakaanza kupiga pedali.

Bwana Lukindo alitoka ofisini akikimbia, kalamu zikimruka mfukoni. Aliwaambia wasimame. Aliwaambia shughuli haijaanza.

"Haijaanza, kweli," alisema Bi Sikudhani bila kugeuka. "Utepe unakwenda, mwanangu. Sisi tunaufuata."

Koplo Masatu aliwatazama wanavyopungua barabarani. Akaitazama amri yake. Akamwomba mwenye duka la jirani baiskeli, akapewa ya mkewe, yenye kikapu cha waya mbele na kengele ya maua, akawakimbilia.

*

Safari ya siku nne kwa kasi ya utepe si mchezo. Mkono wa kulia unashika usukani na breki, wa kushoto unashika utepe, na mwenzako akiongeza mwendo unavutwa. Lori likija nyuma lazima msogeleane mpaka magoti yagusane. Kufika kijiji cha tatu Bi Sikudhani na Ndimbo walikuwa wanazungumza kwa utepe tu: kuvuta kidogo ni kilima, kulegeza ni shimo, kutikisa ni hadithi ya Ndimbo imekuwa ndefu mno.

Nyuma yao bango lilisomeka TUNASHUKURU HATUPUNGUKIWI NA KITU. Watu wa Heko wamezoea kusoma mabango kuanzia upande wa pili. Walilisoma, wakatazamana, wakauliza, "Mmepungukiwa na nini?" Wakaambiwa. Basi wakaingia ndani, wakatoka na walichonacho. Mfinyanzi mmoja alisema hana fedha ila ana chungu. Akaambiwa chungu hakibebeki, akawapikia maharage ndani yake, wakala barabarani. Fundi cherehani alimwona Bi Sikudhani anavyochubuka kiganja, akamshonea glavu moja kutoka kitambaa cha pazia. Hakuuliza jina lake.

Vizuizi vya polisi ndivyo walivyoviogopa, na ndivyo vilivyokuwa rahisi. Polisi wa Heko akiona utepe mzima anajua nyuma yake yuko mgeni rasmi anakuja. Anapiga saluti, anainua kizuizi.

Mjini Mbuyuni-Kati mambo yalizidi. Mkuu wa wilaya aliambiwa kwa simu kwamba utepe umeonekana, akakusanya watu wote uwanjani, na bendi. Waendesha baiskeli walipofika wamejaa vumbi, alimtafuta Mheshimiwa, hakumwona. Lakini hotuba ilikuwa imekwisha kuchapwa na kugongwa muhuri, na katika Heko hotuba iliyogongwa muhuri lazima isomwe. Akausomea utepe.

"Utepe mtukufu," alisema, "wana Mbuyuni-Kati wamefurahi kukuona ukiwa na afya njema. Walikusubiri tangu asubuhi kwa hiari yao wenyewe. Barabara ulizopita ni ushahidi wa barabara. Maji uliyoyakosa njiani yapo. Tunakuahidi kwamba hatutakuangusha, na tunaomba usituangushe."

Bendi ikapiga. Ndimbo, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikosa neno, aliutikisa utepe kidogo kama mtu anayeitikia kwa kichwa, na mkuu wa wilaya akafurahi sana. Wote wakapewa pilau.

*

Ijumaa mchana msafara wa Mheshimiwa uliwapita. Magari kumi na saba, vioo vyeusi, vumbi la kutosha kujengea. Hakuna lililopunguza mwendo ila la mwisho, lori, ambalo lilisimama mbele yao kando ya barabara. Dereva wake, mtu mzima aitwaye Sengo, alishuka na dumu la maji, akaanza kuwamiminia mmoja mmoja mikononi. Alisema hajawahi kuona bibi anaendesha baiskeli na utepe. Bi Sikudhani alisema yeye pia hajawahi.

Alipokuwa anakunywa, aliona nyuma ya lori kitu kimefunikwa blanketi. Chini ya blanketi kulikuwa na gurudumu dogo la buluu.

Alimaliza maji kwanza, akamrudishia kikombe, akauliza hiyo imeshakwenda wapi na wapi. Sengo aliangalia barabara, gari la mbele lilikuwa mbali. Akasema imezinduliwa mara kumi na tisa. Kesho itakuwa ya ishirini, uwanjani Shangilia, wakati wa mapumziko ya mechi, kwa ajili ya wodi ya watoto ya mji mkuu. Manesi wa kule wameshashona sare mpya. Jioni itaondoka kwenda mahali pengine.

"Blanketi ni la Wizara?" aliuliza Bi Sikudhani.

"La kwangu. Bila hivyo vumbi litaiua. Nilifikiri labda siku moja itashushwa mahali ikabaki, basi ikutwe nzima."

Bi Sikudhani alimshika mkono kwa mkono wake wenye glavu ya pazia, akaushika kwa muda. Lori lilipoondoka aliwaita wenzake wakakaa kwenye majani, Koplo Masatu akiwa katikati yao, na akamwomba Koplo awasomee kifungu cha tisa. Polepole.

Koplo alipomaliza kusoma alipiga kengele ya maua mara moja, bila sababu.

*

Uwanja wa Shangilia unaingiza watu elfu arobaini, na siku hiyo walikuwepo. Mpira wa kipindi cha kwanza Ndimbo hakuuona. Walifika langoni filimbi ya mapumziko inapulizwa, Jitihada wakiwa nyuma kwa bao moja. Mlinzi wa lango aliuona utepe mzima, akafungua lango la magari. Wakaingia moja kwa moja kwenye njia ya wakimbiaji inayozunguka uwanja, baiskeli thelathini na moja, jezi za kijani, na Koplo mmoja, na mashabiki wa Ukingoni waliokuwa wamefika kwa kudandia malori ya viazi wakaanza kuimba.

Mashine ilikuwa imesogezwa katikati ya uwanja juu ya zulia, nyeupe, imefutwa. Manesi wa Shangilia walisimama kando katika sare mpya. Mbele ya mashine, wale wasichana wawili wa Wizara walinyoosha utepe wao. Walikuwa wamesimama juani, kwanza kando ya uwanja, tangu saa mbili asubuhi, viatu vya visigino virefu, na ilikuwa inakwenda saa kumi na moja. Mmoja alikuwa ameanza kuyumba.

Bi Sikudhani alilaza baiskeli yake kwenye nyasi. Alitembea akauweka utepe wake mbele ya ule wao, yeye upande huu, Ndimbo upande ule.

"Mwanangu, umekula leo?"

Msichana alitikisa kichwa.

"Kaa chini. Mama wa maandazi yule pale. Sisi tutashika."

Msichana aliutazama utepe wa yule bibi, uliokuwa na vumbi la wilaya sita na doa la maharage. Aliigeukia mashine aliyokuwa akiiona ikishushwa na kupandishwa mara kumi na tisa. Alimtazama mwenzake. Wakaukunja utepe wao taratibu, kama watu wanaokunja shuka, wakautia kwenye mkoba, wakavua viatu.

Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi alikuwa anashuka jukwaani. Mtu huyu alikuwa amekata tepe nyingi kuliko nywele za kichwa chake, na hakuwahi hata siku moja kuuliza utepe umetoka wapi. Alipouona umenyooshwa, mkono wake wa mkasi ulipanda wenyewe. Akaukata.

Watu elfu arobaini walipiga makofi kwa mazoea. Makofi yalipotulia, Koplo Masatu alipiga hatua mbele ya kipaza sauti, akasimama wima, na kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyokamilika akasoma: "Utepe umekatwa. Kwa kifungu cha tisa, kilicho nyuma ya utepe kimekabidhiwa kwa walioushika. Walioushika ni watu wa Ukingoni, wodi ya watoto."

Upande wa viazi ukalipuka. Mheshimiwa alipunga mkono, maana alidhani anashangiliwa yeye. Msaidizi wake mmoja akamnong'oneza sikioni. Mkono ukashuka.

"Hapa pana kosa dogo la kiutaratibu," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti. "Mashine hii haiwezi kwenda Ukingoni. Mashine hii inahitajika..."

Akasita. Redio ya taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja.

"Inahitajika wapi, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Sikudhani. Hakupaza sauti, kipaza sauti kilikuwa karibu. "Nchi hii haipungukiwi. Tumeimba hivyo kilomita mia tatu na kumi, na kibali tunacho. Wilaya kumi na tisa zimepewa mashine yao kila moja. Sisi tuachie hii yenye gurudumu la buluu, ni kuukuu. Wengine wapelekee zile nyingine."

Waziri alimtazama. Alikuwa na majibu mawili tu. Moja lilikuwa kusema kwamba zile nyingine hazipo. Uwanja mzima ulikuwa unalingoja jibu hilo, Fahari na Jitihada pamoja, na watu wa Fahari, walioambiwa kwamba hushangilia wakiwa wameketi, walikuwa wamesimama.

"Bila shaka," alisema Mheshimiwa. "Zipo. Zipo nyingi."

"Ahsante, baba," alisema Bi Sikudhani. Akamgeukia Ndimbo. "Sukuma."

Kikapu cha shukrani, kilichojaa mpaka mpini, waliwaachia manesi wa Shangilia, kwa kuwa na wao hawakuwa wakipungukiwa na kitu. Sengo alikuwa amekwisha kushusha mlango wa nyuma wa lori na kutandika blanketi. Alisema amri yake ni kuipeleka mashine kwa mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kumsikia. Bi Sikudhani alipanda naye mbele. Ndimbo alikwenda kukaa na mashine nyuma, akakosa kipindi cha pili pia. Jitihada walifungwa tatu kwa moja. Hilo bao moja, kwa mujibu wa Ndimbo ambaye hakuliona, lilikuwa bao zuri kuliko yote yaliyowahi kufungwa katika nchi ya Heko.

*

Mtungi wa masista ulirudishwa ng'ambo ya mto siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, umefungwa kwa kanga ya mke wa kondakta.

Baada ya wiki kadhaa, ujumbe wa watu wanne ulifika wodini, ukiongozwa na Bwana Lukindo. Walikuja na barua. Wizara ilikuwa inaomba kuiazima mashine kwa uzinduzi mmoja tu, mfupi, na lori lilikuwa nje. Si la Sengo. Sengo alikuwa amehamishiwa kwenye gari la kumwagilia maua.

Walipofika kwenye mlango mkuu wa wodi wakasimama. Mlangoni, kutoka mwimo huu mpaka ule, kulikuwa na utepe mwekundu wenye vumbi la wilaya sita, umeungwa katikati kwa fundo pale ulipokatwa. Mama wote wa wodi walikuwa wanapita mlango wa jikoni. Maofisa wa Heko hawapiti mlango wa jikoni, imeandikwa.

"Nani ameweka utepe hapa?" aliuliza Bwana Lukindo.

"Sisi," alisema Bi Sikudhani, aliyekuwa amekaa ndani akikunja nepi. "Tunazindua wodi yetu wenyewe. Safari ile haikuwahi kuzinduliwa, tukaona tusiache kiporo."

Bwana Lukindo alinyoosha kidole kuugusa utepe, akakirudisha. Alitoa fomu, akachomoa kalamu moja katika zile tatu. "Mgeni rasmi ni nani?"

"Binti wa Tunu."

"Atafika lini?"

"Keshafika. Yupo humu, ananyonya. Ataukata akijua kushika mkasi."

Bwana Lukindo alifungua kitabu cha Sheria ya Shughuli. Alitafuta umri wa mgeni rasmi kwenye kifungu cha kwanza, na cha nne, na kwenye nyongeza. Waliokiandika kitabu kile hawakuwa wamewaza jambo kama hilo. Kutoka kitanda cha pili, alikolazwa mtoto mwingine aliyeletwa wiki ile kutoka kijijini, ilisikika mashine ikinguruma taratibu.

"Nahitaji jina," alisema hatimaye. "Fomu haipokelewi bila jina la mgeni rasmi."

Tunu alikuwa amekaa kando ya dirisha, mtoto begani. Hapakuwa na mpira wowote puani mwa mtoto, na juzi na jana na leo haukuwapo.

"Andika Salme," alisema Tunu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya watu.

Bwana Lukindo akaandika. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka mingi, ukatanguliza "Mheshimiwa" kabla yeye hajauzuia, naye hakuifuta.

Bi Sikudhani alipitisha benchi kwa jikoni, akawawekea kivulini ukutani, na vikombe vinne vya uji wa ulezi.

"Kaeni, wanangu," alisema. "Mtamngoja kidogo."